Sauti Iliyomchukua Kitinda

Karani wa shule alikuwa amekaa na mikono kaibana katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi, na huku nje jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalia.

"Rudia," Shangazi alimwambia. "Usiruke kitu, hata kama unaona ni cha kijinga."

Kituo kizima cha polisi walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, tangu alipokuwa koplo wa dawati la watoto. Sasa alikuwa mpelelezi wa miaka ishirini na sita kazini, na lile jina lilikuwa limemganda kama ulimbo.

Karani akaanza upya. "Saa nne na dakika tano simu iliita. Namba siijui. Nikapokea. Akasema, 'Dada karani, habari za kazi. Ni mama Kitinda. Namtuma dada wa ofisini kwangu aje amchukue mtoto, bibi yake hajisikii vizuri.' Ni yeye, Shangazi. Naapa kwa baba yangu aliyelala kaburini. Hata ile namna yake ya kushusha pumzi mwisho wa maneno."

"Na huyo dada aliyekuja?"

"Mtandio, barakoa, kitambulisho cha bunge shingoni. Kimegeuka nyuma. Sikukigeuza."

"Mkamtoa mtoto kwa sauti ya simu tu."

Karani alisimama, akavuta faili kabatini, akalifungua mbele ya Shangazi. Ukurasa wa kwanza, chini ya picha ndogo ya mtoto wa miaka minane aliyeng'oka meno mawili ya mbele, paliandikwa kwa mkono: *Asitolewe kwa karatasi wala kwa kitambulisho, vinaghushiwa. Atolewe kwa sauti ya mama yake tu.* Na sahihi.

Shangazi alilisoma lile neno mara mbili. Kisha akageuka kumtazama aliyetia ile sahihi.

Mheshimiwa alikuwa amesimama pembeni ya dirisha, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, hata mwenyewe hajui kakivua saa ngapi. Mama huyu, mbunge wa kipindi cha pili, alikuwa na muswada wa kuwarudisha darasani wasichana waliozaa wakiwa shuleni. Kura ilikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Kwa ajili ya muswada ule alishaitwa mharibu mabinti, muuza mila, na mengine ambayo mtu hawezi kuyasema mbele ya wakwe. Wiki mbili nyuma ilisambaa sauti yake kwenye simu za watu, akisema akina mama wanaoupinga ni mapunguani. Alikana mpaka mate yakamkauka. Nani alimwamini? Sauti ilikuwa yake.

Sauti hiyo ilikuwa kila siku redioni, kwenye magari, kwenye vibanda vya kunyolea, kwa wanaompenda na kwa wanaomlaani. Na ndiyo aliyoifanya kuwa ufunguo wa mwanawe.

"Ana pumu," Mheshimiwa alisema. "Dawa yake imo kwenye begi, na begi limebaki kwenye kiti chake. Akipata vumbi anabanwa. Akiogopa anabanwa. Ya mchana hajapuliza. Shangazi, sasa saa sita."

"Kuna aliyekupigia? Amekuambia uuondoe muswada?"

"Hakuna."

"Ujumbe? Karatasi mlangoni?"

"Hakuna kitu. Ningepewa karatasi ningeshaitia sahihi."

Shangazi aliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Vijana wake walikuwa wameshafunga barabara nne za kutoka mjini, na kila mtu kituoni alishakubaliana kwamba hii ni kazi ya wapinzani wa muswada. Lakini aliyemchukua mtoto wa mwenzake kwa ajili ya kura hukaa kimya saa mbili nzima kwa faida gani?

"Mimi simu yangu inarekodi kila kitu," karani alisema kwa sauti ndogo. "Wazazi wa siku hizi wana kesi."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema? Weka."

Karani akabonyeza. Kwanza palikuwa kimya. Kisha, *tk, tk*, kama kucha juu ya kopo. Kisha sauti: "Dada karani, habari za kazi."

Mheshimiwa aliziba mdomo wake kwa kiganja, kana kwamba maneno yale yalikuwa yanatokea humo. Sauti ilisema mpaka mwisho, kwa upole, na ikashusha pumzi.

"Hayo maneno sijayasema," alisema Mheshimiwa. "Lakini huyo ni mimi."

"Hiyo tk tk ni nini?"

"Nilidhani ni mtandao," karani akasema.

Shangazi alilichukua lile begi dogo, akatoa kipulizio cha dawa na kukitia mfukoni mwake mwenyewe.

*

Nje ya geti la bunge alikuwepo yule waliyemwita Tarumbeta. Mtu huyu alishinda pale kila siku na kipaza sauti chake, shati limempauka mabegani, akimtangaza Mheshimiwa kuwa ni mwisho wa dunia. Siku hiyo kipaza sauti kilikuwa kimelazwa chini.

"Leo mbona umekula ububu?" Shangazi alimuuliza.

"Nimesikia habari ya mtoto."

"Umesikia au umefanya?"

"Shangazi, mimi nina mabinti watano nyumbani. Mheshimiwa namtukana hapa kutwa, na kesho namtukana tena, Mungu akinipa uhai. Mtoto simgusi. Niandike hivyo."

"Ile sauti ya mapunguani ulikuwa nayo wewe wa kwanza."

Tarumbeta akaangalia viatu vyake. "Nililetewa. Nikaisambaza. Niliona ni yake." Kisha akainua macho. "Na hii ya leo, ni ya mkono ule ule?"

Swali lilikuwa zuri kuliko muulizaji. Shangazi akamwambia aiweke ile ya mapunguani, akainamisha sikio lake zima, maana la kushoto lilikufa nusu siku ya mabomu ya machozi. Aliisikiliza yote. Chini ya maneno palikuwa na watu wanacheka kwa mbali na mtu anagonga meza kushangilia. Mwanzoni hapakuwa na tk, tk; hii ilichotwa kwingine.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Muulize askari. Hata chooni sijaenda, na nateseka."

Askari wa geti alicheka, akakubali. Shangazi akamwachia, akaingia ndani.

Mhudumu wa vikao, mzee mwenye koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa, alimtembeza. Ukumbi mkubwa ulikuwa mtupu, viti vimepangwa kama meno. Shangazi akaketi kwenye kiti cha Mheshimiwa na kutaka kuwasha kipaza sauti, akiitafuta ile tk, tk.

"Hivyo haviwashwi na mbunge," mzee alisema. "Anayewasha ni fundi wa sauti, kule juu kwenye kioo. Wewe ukisimama tu, anakufungulia. Mambo yote ya humu huenda redioni moja kwa moja."

"Na kwenye vyumba vya kamati?"

Chumba namba mbili kilikuwa chini, hakina dirisha. Meza ndefu, feni inayozunguka kwa uchovu, na vipaza sauti vya zamani vyenye shingo kama za bata. Shangazi akabonyeza kitufe, akasema, "Hamjambo." Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena. "Hamjambo humu?"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Gonga kwanza! Hivyo vimezeeka kama mimi. Bila kugonga kichwani havishiki. Kila anayekaa humu anagonga, hata mawaziri. Wameshazoea, hawajui kama wanafanya."

Shangazi akagonga kwa ukucha. *Tk, tk.* Chumba kizima kikajaa mlio wa kidole chake, ule ule wa kwenye simu ya karani.

"Ya humu huenda redioni?"

"Hata kidogo. Humu wanakuja wasichana wenyewe kueleza yaliyowapata. Milango inafungwa. Kila kikao kinarekodiwa, kinawekwa kabatini, ufunguo anao mmoja tu."

"Nani?"

"Masikio."

"Na asubuhi ya leo, mtoto akiletwa humu, ataandikwa getini?"

"Watoto wa wafanyakazi wanapita mlango wa nyuma siku zote, mama. Nani amwandike mtoto?"

*

Jengo zima walimwita Masikio kwa sababu fundi yule wa sauti aliweza kukwambia mbunge gani ana mafua kabla hajapiga chafya. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amekaa nyuma ya kioo juu ya ukumbi mkubwa, vitufe mbele yake vimepangika kama shanga. Miaka kumi na moja alikaa hapo akisikiliza watu wasiomwona.

"Karibu, Shangazi. Nimesikia. Inatisha."

"Nisaidie, dada. Naambiwa humu ndani hakuna sikio kama lako."

"Wananikuza tu. Weka."

Shangazi akaiweka rekodi ya karani, aliyoinakili kwenye simu yake; Masikio akavaa vifaa vya masikioni, akafumba macho. Akasikiliza mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Uso wake ulikuwa shwari kama maji ya mtungi.

"Ya redioni hii," alisema. "Wamechukua hotuba za ukumbi mkubwa, wakailisha kompyuta, kompyuta ikajifunza. Siku hizi ni kazi ya dakika. Mtu yeyote mwenye redio anaweza."

"Mtu yeyote."

"Hata wewe."

"Hukusikia kitu kingine?"

"Sauti safi tu. Kazi nzuri, kusema ukweli."

Shangazi akavuta kiti, akaketi taratibu, magoti yake yakigusana na ya Masikio.

"Karani wa shule ana simu ya bei ya chini, na watoto mia nne wanapiga kelele dirishani kwake. Amekisikia. Mimi sikio langu moja ni la mapambo, nimekisikia. Wewe umesikiliza mara tatu, kwa vyombo vya serikali, na hujakisikia?" Akagonga meza kwa ukucha. *Tk, tk.* "Dada, kiziwi angekuwa ameniambia ukweli zaidi."

Mashine zilikoroma. Masikio alianza kupanga waya mezani, mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

"Sikutafuti wewe," Shangazi alisema. "Namtafuta mtoto."

"Mtoto yuko salama. Ana biskuti, ana maji. Nilimchukua shuleni mwenyewe, na saa kumi na moja ningemrudisha kwa mikono yangu. Mimi siyo muuaji. Nilitaka mchana mmoja tu. Mchana mmoja, na yeye ajue."

"Ajue nini?"

"Muulize mwenyewe. Amesimama mlangoni. Nimemsikia tangu kwenye ngazi, kavaa kiatu kimoja."

Shangazi akageuka. Mheshimiwa alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Mwezi wa tatu," Masikio alisema bila kumtazama. "Chumba namba mbili. Ulitaka kamati ilie, na ikalia. Ukawasimulia habari ya msichana mmoja."

Damu ilimkimbia Mheshimiwa usoni. "Sikutaja jina."

"Hukutaja. Ulisema ana miaka kumi na tano. Ulisema kajifungua mapacha. Ulisema mama yake anafanya kazi humu humu ndani ya jengo hili. Sasa tuko wangapi? Nilikuwa nimeshika kitufe chako, Mheshimiwa. Ulikuwa unasikika kwa mbali, nikakupandishia sauti. Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki."

"Ulinieleza kwa uchungu. Nilidhani..."

"Nilikueleza ngazini, kama mama kwa mama! Jioni yake mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Jumamosi binti yangu kafunga kanga zake, kabeba wanawe, kaondoka. Miezi mitatu sijui analala wapi. Muswada wako ni mzuri, ningeupigia kura kwa mikono miwili. Lakini wangu ulimtoa nyumbani kwa sauti. Na mimi wako nimemtoa kwa sauti."

Mheshimiwa akasema neno moja, kavu. "Pumu."

"Pumu gani?"

"Kitinda ana pumu."

Masikio akainuka, vile vya masikioni vikamponyoka shingoni vikaning'inia kwa waya. "Hapana. Miaka kumi na moja nakusikiliza. Najua unavyokohoa, najua unavyodanganya. Hujawahi kusema mtoto ana pumu."

"Kwani kila kitu nakisemea kwenye kipaza sauti?"

"Yuko wapi?" Shangazi alishamshika mkono.

"Stoo ya kanda za zamani. Chini kabisa. Ni vumbi tupu."

*

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba wenye taa moja inayopepesa. Mlango wa chuma. Shangazi akausukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Nipe ufunguo."

"Komeo liko ndani," Masikio alisema. "Nilimwambia ajifungie. Niliogopa mtu mwingine asije akamkuta."

Askari waliowafuata wakakimbilia juu kutafuta mtaimbo. Mheshimiwa alijitupa mlangoni kwa viganja. "Kitinda! Mwanangu! Ni mama, fungua!"

Ndani palisikika kikohozi, halafu filimbi nyembamba ya pumzi inayotafuta njia. Na juu ya filimbi ile, kwa upole, sauti ya Mheshimiwa ikajibu kutoka upande wa pili wa mlango:

"Tulia, mwanangu. Mama anakuja. Ukisikia sauti kama yangu huko nje, usifungue. Siyo mimi."

Mheshimiwa akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Ni simu," Masikio alinong'ona. "Nimeirekodi, inajirudia yenyewe. Haina laini, hata nikipiga haishiki. Nilijua mtakuja kumwita kabla sijamaliza. Nilitaka asiitike."

"Nenda," mtoto alisema ndani, maneno yakikatika. "Nenda... wewe siyo mama. Mama... yuko hapa."

"Kitinda, nisikilize! Mimi ndiye..."

"Tulia, mwanangu," ikasema ile nyingine. "Siyo mimi."

Filimbi ikawa fupi zaidi. Mheshimiwa alivuta pumzi ya kupiga kelele, na Shangazi akamziba mdomo kwa mkono wake wote.

"Nyamaza," alimwambia sikioni. "Kila ukisema unazidi kuwa yule wa nje. Usiseme hata neno moja tena."

Mwanamke yule, aliyenyamazishwa na mawaziri na wachungaji na vipaza sauti vya barabarani asinyamaze, alinyamaza. Macho yakamzunguka. Kisha akalala kifudifudi kwenye sakafu, gauni la bungeni na yote, akapenyeza mkono chini ya mlango mpaka kwenye kiwiko, chuma kikimkwangua ngozi.

Mkono ule ulikuwa wa mtu mzima, umetunzwa, isipokuwa kidole gumba. Ukucha wake ulipakwa rangi nyekundu iliyoruka mpaka kwenye nyama, kazi ya mtoto aliyeshika brashi kwa ngumi, akaishiwa rangi kidole cha kwanza tu. Mama mtu alikwenda nacho hivyo hivyo kazini.

Aliukunjua mkono, akauacha umelala wazi. Alingoja.

Mtaimbo ulikuwa unakuja, unagonga ngazi. Shangazi akainua kiganja, askari wakasimama walipo.

Ndani kitu kiliburuzwa sakafuni, polepole. Kikatulia. Halafu bega la Mheshimiwa likatikisika, maana kule ndani vidole vidogo vyenye jasho vilikuwa vimekishika kile kidole gumba, vinakigeuza, vinakikagua.

Komeo likalia.

Kitinda alikuwa rangi ya majivu, midomo imemwiva buluu, vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi akamtia kipulizio mdomoni kabla hajaanguka. Moja. Mbili. Wakahesabu wote kwa macho. Kifua kikapanda, kikakwama, kikapanda tena na kukubali. Nyuma yao Masikio alikuwa ameshuka ukutani mpaka chini, mikono juu ya masikio yake.

Huko juu kengele ya kuwaita wabunge ilianza kulia. Saa kumi kasoro robo. Mheshimiwa alimpakata mwanawe, akamfuta uso, akafungua mdomo kumwita jina.

Mtoto akamziba kwa kiganja, haraka, kwa woga.

"Usiseme, mama," alisema. "Kaa hivyo hivyo."

Kengele iliendelea kuita. Mheshimiwa akabaki pale sakafuni, mdomo umezibwa na mkono wa mwanawe, na simu chini ya rafu ikaanza tena upya, kwa upendo uleule, "Tulia, mwanangu. Mama anakuja."